Mzee na Reli ya Kati

Mama alitaka Baba apelekwe hospitali kwa kusahausahau. Kaka yangu, kupinga, alikuwa na hoja moja tu: "Amesahau nini Mzee, na stesheni zote toka Dar mpaka Kigoma anazo kichwani?" Na kweli alikuwa nazo. Baba alikuwa stesheni masta tangu enzi za reli ya Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika 1977. Ukimchokoza kidogo tu, anaondoka: Ruvu, Ngerengere, Morogoro, Kimamba, Kilosa. Huku mama akimtengea chai mara ya pili, maana anaapa hajanywa.

Mama ndiye aliyeshinda. Tukapanda basi kwenda hospitali Dar.

Daktari, binti ambaye Baba alimwita "mwanangu" toka mlangoni, alimpa maneno matatu ayashike: ndizi, mlango, shilingi. Akayarudia sawasawa. Kisha akapewa karatasi achore saa. Namba zote akazirundika upande wa kulia, kushoto kukabaki kweupe. Baba huyu, aliyetuchapa kwa kuchelewa dakika tano!

"Na yale maneno matatu, baba?"

"Maneno gani, mwanangu?"

Kaka akadakia: "Muulize stesheni, daktari." Baba akakaa vizuri kitini, akaanza. Dodoma, Bahi, Saranda, Manyoni, Itigi... Daktari akamwacha mpaka akafika Kigoma. Kwa hilo nilimpenda.

Ndipo akatueleza. Jambo jipya, ili likae, hutegemea hipokampasi, sehemu ndogo ndani ya ubongo, na ugonjwa wa Alzheimer, unaofuta kumbukumbu taratibu, huanza mapema kuharibu huko. Yale yaliyorudiwa miaka na miaka yameshajikita kwingine, hukawia kutoka. Kwa hiyo mtu anaweza kuitaja reli nzima asijue kama amekunywa chai. Ila hakusema siku ile kwamba Baba anao ugonjwa huo. Kwanza ipimwe damu, vitamini B12 na homoni za tezi ya shingo, na kichwa kipigwe picha, kwani yapo yanayofanana na hayo na yanatibika.

Kaka hakuwa na neno. Mama alikuwa nalo: afanyeje, kila jioni anaulizwa wifi yake yuko wapi, naye ni marehemu wa siku nyingi?

"Usimpe taarifa ya kifo kila siku, mama. Kwake ni msiba mpya. Mwambie akusimulie habari za huyo dada yake."

Kwenye basi la kurudi Morogoro mama akajaribu. Tulifika Chalinze Baba bado anasimulia, abiria wa kiti cha mbele wamegeuka wanacheka naye.