Nusu saa bila kumeza mate

Sikio langu la kulia lilizima usiku. Niliamka linavuma kama friji kuukuu, mume wangu ananiita na sijui sauti inatoka jikoni au uani. Duka la dawa nikapewa matone ya kulainisha nta. Nikayatia siku tano nzima, nikijiona mjanja nimekwepa foleni. Siku hizo zinaniuma hadi leo, maana usikivu ukipotea ghafla namna ile, tiba hutakiwa ianze ndani ya wiki mbili za mwanzo.

Nikapanda mwendokasi kutoka Kimara hadi mjini kwa daktari wa masikio. Akachungulia, nta hakuna. Akagonga chuma chenye umbo la uma, akakiegemeza kwenye paji la uso. "Mama, mlio unausikia wapi?" Kushoto, kwenye sikio zima. Ingekuwa nta, mlio ungevutwa kulia. Tatizo lilikuwa sikio la ndani, na kipimo cha usikivu kikasoma desibeli 70, yaani sauti iliyo chini ya hapo siisikii.

Dawa ni steroidi, za kutuliza uvimbe wa ndani. Ila vidonge vya prednisoloni hupandisha sukari, nami nina kisukari, kwa hiyo akashauri deksamethasoni, steroidi ya maji, ichomwe kupitia ngoma ya sikio.

Wengi huniuliza kama sindano inauma. Kwa ganzi, nilihisi msukumo tu na kizunguzungu kidogo. Dawa yenyewe haifiki mililita moja, na huwa wameshaipasha iwe na joto la mwili. Ikiingia ya baridi, chumba kizima kinazunguka. Kazi ni baada ya hapo: unalala ubavu, sikio bovu juu, nusu saa, huongei wala humezi mate. Ukimeza, kijia kinachotoka sikioni hadi kooni kinafunguka, dawa inateremka huko badala ya kupenya ndani. Jaribu uone mate yanavyojaa, utadhani mtu anakata ndimu mbele yako! Mara ya kwanza nilimeza, uchungu ukanifika kooni. Mara ya pili nikaja na khanga ya kudondoshea, aibu nikaiacha mlangoni.

Nilichomwa mara nne ndani ya wiki mbili, naoga na pamba yenye mafuta ya mgando sikioni. Sukari haikunisumbua. Kipimo cha mwisho: desibeli 40. Mvumo bado upo, na kwenye daladala nagombea dirisha la kulia, sikio zima lielekee kwa konda.