Kutwa Nzima Ukingoni mwa Wadi Nakhr

Tulitoka Muscat, mji mkuu wa Oman, alfajiri, tukapita Nizwa, tukanywa chai Al Hamra, kisha barabara ikaanza kupanda Jebel Shams. Mimi ni mjiolojia, mtu wa miamba ya mchanga. Gesi yetu ya Songo Songo na Mnazi Bay imo humo, na mchanga hausumbui sana: ukijua mto ulipita wapi, umejua mengi. Mawe ya chokaa nilikuwa nayasoma vitabuni tu, ndiyo maana nilikubali haraka kufuatana na profesa mmoja, aliyemaliza ujana na uzee wake akiyachunguza na kuyafundisha.

Dereva wetu, Mwomani mzaliwa wa Unguja, alimtazama profesa akipasua jiwe kwa nyundo kisha akililamba. "Mwanangu, huyu mzee wenu hajala tangu asubuhi?" Nikamweleza kuwa jiwe likilowa, chembe zake huonekana vizuri zaidi kwenye lenzi. Hakuridhika.

Juu kule, genge la bonde la Wadi Nakhr linashuka karibu mita 1,000. Profesa hakuhutubu. Alitugawia karatasi, tuchore tunachokiona bila kutaja jina la tabaka lolote. Ndipo akatufumbulia: tulipokanyaga ni Natih; mteremko laini wenye wekundu chini yake ni Nahr Umr, wenye udongo mwingi; chini zaidi ni Shuaiba, chokaa iliyosimama wima. Kusini jangwani matabaka hayohayo yamezama ardhini. Natih imebeba mafuta ya Fahud, eneo la visima. Shuaiba imebeba ya Yibal, eneo jingine la visima, yaliyogunduliwa 1962, na Nahr Umr ndiyo iliyoyafunika yasitoroke.

Mchanga huletwa na maji kutoka mbali, lakini chokaa hii ilizaliwa papo hapo, katika bahari ya joto na kina kifupi, kwa maganda ya viumbe. Kwenye Natih nilipapasa maganda ya rudisti, jamii ya chaza wenye umbo la pembe waliotoweka zama moja na dinosaria. Taabu huanza baada ya kuzaliwa. Maji huyeyusha huku na kuziba kule, magnesiamu hugeuza sehemu kuwa dolomiti, mwamba wa aina nyingine, milima ikijikunja hutia nyufa. Visima viwili jirani vinaweza kuwa na tabia mbili kabisa.

Profesa alitoa mfukoni kipande cha mwamba cha ukubwa wa kidole gumba, kama vile vinavyopimwa maabara. Chokaa ya Yibal, alisema, ina vitundu tele, ila ni vidogo mno na njia kati yake ni nyembamba. Mafuta yamo, lakini hutoka kwa kusuasua. Kisha akaonyesha ukuta wa ng'ambo: "Sasa niambieni, kidole gumba hiki kinausemea ukuta wote ule?" Alivyofundisha siku nzima ilikuwa hivyo, maswali matupu. Lililorudiwa zaidi lilitoka kwenye mpangilio wa Dunham wa 1962, wa kuyagawa mawe ya chokaa kwa aina: chembe zimeegemeana, au zinaelea kwenye tope?

Jioni akatutaka tuchague mahali pa kuchimba kisima kwenye ukuta ule. Wengine wakataka tabaka la rudisti, wengine wakakimbilia penye nyufa, wakaonywa kuwa ufa unaoleta mafuta leo utaleta maji kesho. Ubishi ukawa mkali. Dereva akaniuliza tunagombania nini, nikamtafsiria. Akasema tuchimbe palipo karibu na barabara.

Nilipomfikishia profesa jibu hilo alicheka hadi akakaa chini, kisha akasema katika miaka yake ameona visima vingi vikichaguliwa vivyo hivyo.