Kuunganisha spika za mezani na amplifaya ya mfukoni ya hedifoni

Mtu ambaye tayari ana amplifaya ya mfukoni yenye DAC (kigeuzi cha ishara ya kidijitali kuwa ya analogi) kwa ajili ya hedifoni zake hana haja ya kununua DAC nyingine kwa ajili ya spika za mezani, mradi spika hizo ziwe na amplifaya yake ndani. Nimekutana mara nyingi na ushauri kwamba tundu la hedifoni halifai kulisha spika na kwamba ni lazima pawepo kifaa cha ziada kati yake. Kwa spika za aina niliyoitaja, sioni msingi wa ushauri huo.

Hedifoni nyingi huwa na ukinzani wa kati ya omu 16 na omu 300 hivi, na amplifaya hulazimika kuzipa mkondo wa umeme wa kutosha kusukuma viwambo vyake. Spika yenye amplifaya ndani haisukumwi na kifaa chako. Inapokea ishara tu, na kwa kawaida ingizo lake lina ukinzani wa omu 10,000 au zaidi, kiasi kwamba karibu haivuti mkondo wowote. Kifaa kinachozimudu hedifoni za omu 32 hakitatetereka kwa mzigo huo. Spika zisizo na amplifaya, zenye omu 4 au 8, ni jambo jingine kabisa, kwa sababu zinahitaji wati kadhaa ilhali kifaa cha mfukoni hutoa miliwati. Hizo zisiunganishwe nacho moja kwa moja.

Waya unaohitajika ni wa kawaida: upande mmoja plagi ya milimita 3.5, upande wa pili plagi mbili za RCA, nyekundu ya kulia na nyeupe ya kushoto. Spika za studio zenye matundu ya milimita 6.35 hutaka waya unaogawanyika, kila spika ipate plagi yake. Anayechomeka plagi ya stirio katika ingizo la balansi la spika moja atashangaa kusikia ala za pembeni huku sauti ya mwimbaji ikiwa imetoweka, kwa kuwa ingizo hilo hupitisha tofauti tu kati ya njia mbili za ishara, na kilichomo katika njia zote mbili kwa usawa hufutika. Tokeo la balansi la milimita 4.4 nalo liachwe kwa hedifoni. Humo kila upande una waya wake hasi unaoendeshwa na amplifaya yake, na kuziunganisha hasi hizo pamoja kupitia RCA kunaweza kukiharibu kifaa.

Kazi halisi imo katika vidhibiti viwili vya sauti, kimoja katika kifaa na kingine katika spika, na hapa ndipo watu wengi hulaumu ubora wa DAC isiyo na hatia. Ishara ikitoka dhaifu, spika hulazimika kuikuza sana, na huikuza pamoja na kelele ya chinichini iliyomo. Ikitoka kali kupita kiasi, ingizo la spika hulemewa na sauti hukwaruza. Kiwango cha vifaa vingi vya nyumbani ni volti 2 hivi (RMS) ishara ikiwa katika nguvu yake yote, na baadhi ya amplifaya za mfukoni hukipita zikiwekwa katika ukuzaji (gain) wa juu. Kwa hiyo mimi huchagua ukuzaji wa chini, hupunguza kidhibiti cha spika hadi mwisho, hupandisha kifaa karibu na kilele chake, kisha huongeza spika polepole mpaka nifike sauti kubwa kabisa ninayoweza kuitaka. Kuanzia hapo kidhibiti cha spika hakiguswi tena, na marekebisho ya kila siku hufanywa kwenye kifaa.

Mpangilio huo una hatari moja, nayo si ndogo: kiwango kinachozifaa spika kinaweza kuumiza masikio iwapo hedifoni za kuchomeka sikioni, ambazo ni rahisi kusukuma, zitaunganishwa bila kwanza kukishusha. Ni bora kushusha hadi sifuri kila unapobadilisha waya.

Ukisikia mvumo mzito usiobadilika hata ukizima muziki, huenda chanzo ni mzunguko wa ethi, yaani kompyuta na spika zote zimeunganishwa na ethi ya jengo na vilevile zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe kupitia waya wa sauti. Chomoa USB ya kompyuta na ucheze muziki kutoka kwenye simu isiyo chajini. Mvumo ukikoma, umepata jibu. Kuvichomeka vifaa vyote katika soketi moja ya nyongeza husaidia mara nyingine, na ikishindikana kuna transfoma ndogo za kutenganisha zinazowekwa kwenye waya wa sauti. Kukata pini ya ethi ya plagi ya umeme si suluhisho, kwani pini hiyo ipo kwa usalama wa mtumiaji.

Linabaki suala la betri. Betri ya lithiamu inayokaa imejaa na yenye joto wakati wote huzeeka haraka, na kifaa cha mfukoni kinachogeuzwa cha mezani hukaa kwenye USB kutwa nzima. Vifaa vingine vina swichi ya kuzuia kuchaji huku vikiendelea kupokea muziki, na kwa matumizi haya ningeipa swichi hiyo uzito kuliko tarakimu nyingi zinazoandikwa kwenye boksi.