Nilijibu "kidogo"

Neno hilo limenikwama kooni tangu Jumanne.

Yule mfiziotherapia (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) wa kwanza wa mwanangu Zawadi alituacha, kazi ya Uingereza ilipojipa. Huyu wa pili alipanda ngazi hadi orofa ya nne akihema, akamtupia jicho Zawadi kwenye kiti chake, kisha akanigeukia mimi: "Mama, huyu anaelewa?"

"Kidogo."

Zawadi huyu huyu, anayecheka kabla baba yake hajamaliza hadithi! Mtindio wa ubongo umemkaza miguu na ulimi, masikio haukuyagusa. Na alikuwa pale pale, hatua mbili.

Tangu hapo nimejibu upya mara mia. "Muulize mwenyewe, daktari." Nimejibu jikoni, nimejibu kwenye matatu Jogoo Road, jana nimejibu kanisani wakati wa sadaka. Leseni yake ya baraza la wafiziotherapia niliikagua mlangoni kama askari wa trafiki, ilikuwa ya mwaka huu. Sikumpigia simu tena. Lakini yeye aliuliza tu. Aliyejibu ni mimi.



Ijumaa akaja wa tatu, binti mdogo tuliyeelekezwa na mama mmoja wa foleni ya KISE, ile taasisi ya elimu maalum kule Kasarani, siku ile ya tathmini. Akapiga magoti mkekani. "Zawadi, tuanze na mguu gani?" Akanyamaza. Nikafungua mdomo, Anti Mwende, anayenisaidia kumbeba Zawadi, akanifinya mkono. Githeri ikafurika jikoni, hakuna aliyeinuka. Mwisho macho ya Zawadi yakashuka, taratibu, hadi mguu wa kushoto.

"Haya, wa kushoto."

Nilienda kuzima jiko nikakaa huko kidogo, moshi ule ukisingiziwa machozi yangu.

Kabla hajaondoka binti yule alimfunza Anti Mwende kumbeba Zawadi ubavuni, mguu mmoja mbele ya kiuno na mwingine nyuma, mapaja yasibanane kama mkasi. Miaka minne tumembeba kama mtoto mchanga! Ni shilingi 2,000 kwa kipindi, mara mbili kwa wiki. Hesabu nimeipiga nyuma ya bahasha ya zaka, na bado haijakubali. Jumanne anarudi.