Kifua kilichobana mlimani: nilivyougundua ugonjwa wa mishipa ya moyo na ninavyoishi nao

Pemba ni kisiwa cha vilima, na nyumba yetu, nje kidogo ya Chake Chake, iko bondeni. Skuli ninayosomesha iko juu. Kwa miaka mingi nimeupanda mlima ule bila ya kuufikiria, mpaka msimu mmoja wa karafuu kifua kikaanza kunibana kila nikifika nusu ya njia. Hakikuwaka moto wala hakikuchoma-choma. Kilikuwa kizito, kama niliyetwishwa gunia kifuani, na uzito ule ukipanda mpaka kwenye taya, mara nyengine ukishuka bega la kushoto. Nikisimama kidogo kando ya njia unaondoka wenyewe.

"Gesi hiyo, mwanangu," alinambia mama mkwe. "Chemsha tangawizi unywe." Duka la dawa nikapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Sikumlaumu mtu, kwa sababu maumivu yenye kuja na kuondoka hayamtishi mtu. Lakini mimi nilikuwa na miaka 52, nina sukari, nina presha, na baba yangu alianguka shambani akafariki hapo hapo kabla hajafika miaka 50. Kifo kile ndicho kilichonikosesha usingizi.

Nikatafuta daftari. Kila kifua kikibana naandika nilikuwa nafanya nini, maumivu yameanzia wapi na yameishia wapi, na kilichoyatuliza ni nini. "Nimebeba ndoo ya maji kutoka bombani. Kifua na taya. Nimekaa, yamekwisha." "Nimeshiba wali, nimelala mchana. Hakuna kitu." "Nimeshiba, nikapanda mlima papo hapo. Yamenishika mapema kuliko siku zote." "Nimebishana sana na fundi wa bati. Yamekuja nikiwa nimesimama tu." Baada ya muda hata mimi nisiyesomea udaktari nikaona kwamba tumbo halina habari na mambo haya. Dawa ya vidonda haikubadilisha kitu, na chakula peke yake hakikuleta maumivu. Kilichoyaleta ni kazi na hasira, na kilichoyaondoa ni kupumzika.

Hospitali wakanipima umeme wa moyo nikiwa nimelala kitandani. Majibu yakatoka mazuri. Naamini wengi hurudi nyumbani hapo wakashukuru Mungu. Mimi nikatoa daftari, na yule daktari kijana, Mungu amlipe, akalisoma lote.

"Mwalimu," akasema, "kipimo hiki umepigwa umelala. Moyo wako ukiwa umelala hauna shida."

Akanieleza kwamba moyo ni msuli, nao una mishipa yake yenyewe inayouletea damu. Mafuta ya kolesteroli hujijenga kidogo kidogo ndani ya kuta za mishipa hiyo kwa miaka mingi, na sukari, presha na sigara huyaongezea kasi. Mshipa uliobanwa unaweza kuutosheleza moyo uliopumzika. Ukipanda mlima, msuli unataka damu zaidi na njia haipitishi, basi ndipo unapolia. Nikamuuliza, "Dokta, na wale wasiosikia maumivu?" Akasema wapo, na hasa sisi wenye sukari na sisi wanawake: wengine hupata pumzi fupi tu, au uchovu usioelezeka, kichefuchefu, jasho la baridi. Hili nimelirudia kwa kila mwanamke wa mtaani kwetu aliyekubali kunisikiliza.

Nikaanzishiwa aspirini ya miligramu 75, atorvastatini ya kushusha kolesteroli, bisoprololi ya kuupunguzia moyo mbio, na vidonge vya naitrogliserini vya kuweka chini ya ulimi. Kisha nikaandikiwa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mume wangu akauza karafuu tulizokuwa tumeziweka, tukapanda boti bandari ya Mkoani.

Huko walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kifundo cha mkono mpaka kwenye moyo, wakatia dawa inayoonekana kwenye eksrei. Nilikuwa macho, nasoma dua, naiona mishipa yangu kwenye skrini. Mmoja ulikuwa umebana vibaya. Wakautanua kwa puto dogo, wakaacha stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kinachouzuia usijifunge tena. Wagonjwa ambao mishipa yao mingi imeziba hupasuliwa kifua na kutengenezewa njia mpya kwa mshipa wa mguuni au wa kifuani. Mimi sikufika huko.

Kabla sijaruhusiwa, daktari alikaa nami, na maneno yake ndiyo ninayoyashika mpaka leo. Kwa mtu kama mimi, ambaye moyo haukupata shambulio, stenti inaondoa maumivu. Kinachonilinda na shambulio ni dawa za kila siku na namna ninavyoishi, kwa sababu ugonjwa hauko sehemu moja tu, umo kwenye mishipa yote. Nimeona watu wakirudi na stenti wakadhani wamepona, wakaacha vidonge. Inaniuma sana. Clopidogrel, dawa ya kuzuia damu kuganda niliyoandikiwa kwa miezi 6, ukiikatisha mwenyewe damu inaweza kuganda ndani ya stenti. Huku kisiwani dawa huweza kukosekana dukani ghafla, kwa hivyo nanunua nyengine kabla ya kopo kwisha.

Naitrogliserini iko kwenye chupa yake ya kioo cheusi, mbali na joto na mwanga. Kifua kikibana nakaa chini kwanza, kwa sababu dawa hii hushusha presha na mtu anaweza kuanguka, kisha naweka kimoja chini ya ulimi. Dakika 5 zikipita bila nafuu, ni hospitali moja kwa moja, na aspirini ya miligramu 300 natafuna njiani. Jirani yetu mwenye gari tumeshakubaliana: simu ikilia usiku wa manane, haulizi kitu. Msuli wa moyo uliokosa damu huanza kufa, na kila saa inayopita inachukua sehemu yake.

Jikoni ndiko kulikokuwa na kazi. Mpemba kuacha nazi si jambo dogo. Nimeliweka tui zito kwa siku za wageni. Siku nyengine ni tui jepesi, au samaki wa kuchoma kwa ndimu, muhogo wa kuchemsha na mchicha. Ng'onda na papa mkavu nimewaaga kwa sababu ya chumvi. Mama mkwe alinuna, kisha presha yake ilipopimwa akaanza kula chungu kimoja na mimi. Kombe alilonisomeshea, yaani maji yaliyooshewa aya za Kurani, nililinywa kwa heshima, na vidonge nikameza vile vile.

Ramadhani ya kwanza daktari alinikataza kufunga, na shehe wetu akasema nisijidhuru. Mwaka uliofuata, sukari ilipotulia, daktari aliniruhusu, dawa zikahamia futari na daku. Nilikwenda kumuuliza tangu Shaabani, si mwezi ulipoandama.

Mlima naupanda, taratibu, na dawa mfukoni. Wadogo zangu wote nimewapeleka kupima presha, sukari na kolesteroli, kwa ajili ya baba. Aliye Wete alikutwa na kolesteroli ya juu, naye hasikii maumivu yoyote. Vidonge anameza. Sigara bado hajaiacha, na kila Ijumaa nampigia simu kumuuliza.