Nani haelewi upotevu kiwandani?

Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha vifungashio vya plastiki. Asubuhi nakaa kikaoni na mameneja, halafu nashuka kwa maopereta. Kila ofisi inapogawa fomu za kupima uelewa wa kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo kila siku, na uzalishaji usio na upotevu, majibu ni yale yale: mameneja juu, maopereta chini, na dawa inayoandikwa ni semina nyingine. Mimi nina shaka na kipimo chenyewe.

Fomu inataka utaje aina 7 za upotevu alizoziainisha Taiichi Ohno wa Toyota: kuzalisha kupita mahitaji, kusubiri, kuhamisha vitu ovyo, kusindika kupita kiasi, kulundika akiba, miondoko isiyo ya lazima na bidhaa zenye kasoro. Meneja anazitiririsha kama shairi la darasani. Opereta anakuna kichwa. Sasa mwulize huyo huyo opereta kwa nini ana kreti za ziada za vipande nyuma ya mashine yake.

Kwa ofisi, kreti zile ni pesa iliyolala. Kwake ni kinga ya kumwezesha kuendelea na kazi vipande visipomfikia. Mashine inayomlisha hukwama kila vumbi linapoziba jicho la kihisi chake. Mtu analifuta kwa kitambaa, mashine inaanza kazi, baadaye inakwama tena. Fomu ya zamu hairekodi kusimama kwa chini ya dakika 5, kwa hiyo kwa anayesoma ripoti ghorofani, vikwamo hivyo havijawahi kutokea. Kinachoonekana ni idadi ndogo ya vipande, imeandikwa mbele ya jina la opereta. Ndiyo maana anaficha kreti. Upotevu anaujua vizuri kuliko sisi, na anajua pia nani atasomewa mashtaka kwa ajili yake.

Kuna jambo jingine ambalo vikaoni halitajwi. Opereta akigundua kwamba kazi ya watu watatu inaweza kufanywa na wawili, unadhani atakimbilia kukwambia? Wa tatu ni rafiki yake. Huenda ni yeye mwenyewe. Kimya hicho tunakiandika kwenye ripoti kuwa ni uelewa mdogo.

Huwa nawakumbusha mameneja habari za Fremont, California. General Motors, kampuni ya magari ya Marekani, ilifunga kiwanda chake pale mwaka 1982, kikiwa na sifa mbaya ya ubora na utoro. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI. Wengi wa wafanyakazi walikuwa wale wale wa zamani, lakini ubora ukapanda haraka. Mafunzo walipewa, tena mamia walipelekwa Japani, siwezi kulikana hilo. Ila walipewa pia kamba ya andoni, ya kuvuta wanapoona kasoro ili kuita msaada au kusimamisha kazi, na mkataba ulioahidi kwamba watu hawatapunguzwa ovyo. Soko liliposinyaa mwishoni mwa miaka ya 1980, hawakuachishwa kazi. Muda uliobaki ulitumika kwa mafunzo na kuboresha kazi.

Sisi tulichukua semina, tukaacha hayo mengine. Kitufe cha kusimamisha laini ya uzalishaji tunacho, chekundu kabisa. Lakini kikibonyezwa, swali la kwanza linalosikika ni "Nani kasimamisha?" Ukiulizwa hivyo mara mbili mbele ya wenzako, mara ya tatu unaacha kasoro ipite, ikutane na mkaguzi huko mbele.

Nimependekeza mambo mawili. Ripoti ya zamu irekodi kila kusimama, hata kwa nusu dakika, na sababu yake iandikwe na opereta mwenyewe. La pili lilizua mguno kikaoni: fomu ya mameneja iongezwe swali la mashine ipi ilikwama mara nyingi zaidi zamu ya usiku uliopita, na opereta aliikwamua vipi. La kwanza limekubaliwa kwa majaribio kwenye laini moja. La pili bado "linafanyiwa kazi".