Bakuli la Tami nililouziwa kama la Kongo

Muuzaji alisema ni la Kongo. Ilikuwa soko la vitu vikuukuu la Jumapili, Bremen, Ujerumani, Februari, baridi inauma masikio, na bakuli lenyewe lilikuwa limejaa funguo zenye kutu. Urefu wake kama kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Jeusi, umbo la dau, halina miguu, na nje lina nakshi zilizojazwa kitu cheupe: samaki, ndege, na kwenye ncha moja uso wa mtu.

Mimi ni mtoto wa seremala wa Unguja, kwa hiyo nililinusa kwanza. Harufu ya kiwi ya viatu, ile inayogeuza mti wowote kuwa mpingo mbele ya watalii, tunaijua. Hapa haikuwepo. Ndani palikuwa pamelainika upande mmoja tu, upande ambao mikono ilizoea kuchota; anayechakaza kitu kusudi hakumbuki hilo, huchakaza kote. Nikatoa yuro 40, funguo akabaki nazo.

Usiku uleule nikaharibu. Nilipangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, na kitambaa kikarudi na rangi mbili: weupe, na wekundu wa chai ya rangi iliyokolea. Nikaacha hapohapo, lakini samaki mmoja alikuwa ameshapoteza mkia.

Wekundu ule ndio ulionipa njia. Kibaruani nimeshatandika mbao za merbau kwenye mabaraza ya watu, na mvua ya kwanza hutoa maji ya rangi hiyohiyo. Papua New Guinea, nchi ya kaskazini mwa Australia, mti huo huitwa kwila, na kwa ukoo ni jamaa ya mbambakofi wetu wa milango. Basi nikafungua katalogi za mtandaoni za makumbusho, British Museum ya London na Metropolitan ya New York, nikapitia mabakuli ya New Guinea moja baada ya jingine, hadi nikakutana na ndugu zake. Visiwa vya Tami.

Ni visiwa vidogo katika ghuba ya Huon, karibu na mji wa Finschhafen. Ardhi ya kulima ni haba, kwa hiyo watu wake walichonga, na mabakuli wakayabadilisha kwa magimbi ya bara. Mabaharia wa visiwa vya Siassi waliyavusha mlango-bahari wa Vitiaz kwa mitumbwi ya tanga, pamoja na vyungu na nguruwe, hadi kisiwa cha New Britain, na huko yaliingia hata kwenye mahari. Ile nyeupe ni chokaa, kama tunayotia kwenye tambuu. Na wenyeji wa huko nao ni watafunaji hodari. Wajerumani walifungua kituo chao Finschhafen mwaka 1885, mwaka uleule walioanza kuitwaa Tanganyika, na sehemu hiyo ya New Guinea wakaitawala hadi 1914. Kwa hiyo sikushangaa kulikuta Bremen.

Taabu ilianza nilipoliweka juu ya kabati lililo jirani na hita. Wiki ya tatu nikasikia mlio mkavu, tak, na asubuhi kuna ufa chini ya uso ule, kadi ya benki inapita. Baba kwenye simu hakunipa pole. "Gundi usitie. Mti utataka kutanuka, gundi itaukatalia, utapasuka pembeni." Nikalihamishia ukumbini kusiko na hita, nikanunua kipimo cha unyevu, nikawa nahakikisha hakishuki chini ya asilimia 50, ikibidi, beseni la maji chumbani, mbali na bakuli. Vumbi sasa ni kwa brashi laini, kavu. Mafuta silipaki, ingawa mke wangu anasema lingeng'aa. Lingeng'aa kweli, na chokaa ingegeuka njano.

Mkia wa samaki sikuurudishia.

Juni nilijaribu tena ile kadi. Ilikwama.